Majina ya wahusika kabla ya Jumamosi

Habari za jioni, ndugu waandishi. Nimesoma rasimu zote mlizotuma. Hadithi zina nguvu, ila akina Juma, Asha na John wamejaa kila mahali.

Naomba kila mmoja ajiulize: nani alimpa mhusika huyu jina, na siku ile nyumbani kulikuwa na hali gani? Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, na dada yake wa asubuhi ni Akinyi. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ukimwita Kamau, tayari una babu Kamau mkononi. Mtumie! Bibi wa pwani anaweza kuitwa Mashaka au Tabu, lakini mjukuu wake wa Dar es Salaam ya leo huenda ni Nasra au Brayan. Umri husikika kwenye jina, na hapo ndipo rasimu nyingi zimeyumba.

Saida, Salma na Saumu wasikae sura moja, msomaji atawachanganya. Mhusika mwovu asipewe majina mawili kamili ya jirani yako, tafadhali sana.

Mwenye hadithi ya mganga wa Ukerewe: nimeipenda mno. Ila jina lake ni la Kichaga, basi tueleze alifikaje kisiwani, au umtafutie la Kikerewe kwa kuwauliza wazee wa huko.

Nitumieni majina mapya Ijumaa kabla ya saa mbili usiku.