Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya vibali: tutenganisheni na twiga

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu zile barua nyingine zinapokelewa vizuri, zinagongwa muhuri, kisha kimya. Mimi ni mfugaji wa vipepeo na nondo huku Muheza, mmoja wa tuliozuiwa kuuza nje tangu serikali ilipokataza kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Ningeendelea kunyamaza, ila juzi afisa mmoja alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Tulipomuuliza lini tutaruhusiwa tena kuuza nje, akacheka: "Si wadudu tu hao? Wafungulieni waruke." Na wewe unayelipwa kuwajua, labda hujawahi kuwaona kwa karibu.

Nondo wangu ni yule mkubwa wa kijani mwenye mikia mirefu, wataalamu humwita Argema mimosae. Jike akishatoka, namtundika nje usiku ndani ya chandarua, na madume ya porini yanafuata harufu yake gizani. Anataga, mayai yanaanguliwa, na hapo ndipo usingizi unapokwisha. Viwavi wanataka majani mabichi ya mng'ongo. Ya jana wanayasusia. Kila asubuhi nafagia kinyesi chao, maana kikikaa na unyevu maradhi yanaingia: kiwavi aliyenona analegea, ananing'inia kichwa chini, anatoa maji yanayonuka, na wenzake wanafuata. Bado kuna sungusungu wanaowatafuna. Bado kuna nyigu wanaotaga ndani ya kiwavi akiwa hai. Anayepona anajisokotea kifuko cha hariri chenye rangi ya fedha na vitundu vidogo vidogo, na humo ndimo anamogeuka pupa. Pupa ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa, kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani.

Sasa sikiliza, Mheshimiwa. Nondo huyu akitoka kwenye kifuko hana mdomo wa kulia. Humpi maji, humpi ua. Anaishi kama wiki moja kwa akiba aliyoila akiwa kiwavi, basi. Mimi naambiwa nisubiri, jambo liko mezani. Nisubiri sawa, nimezoea. Yeye asubiri kwa kula nini?

Twiga walipandishwa ndege kwa magendo uwanja wa Kilimanjaro (KIA) mwaka 2010 wakaenda Qatar, wazima wazima na shingo zao. Mwaka 2016 wakakamatwa tumbili palepale, safari ya Albania, na serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwa miaka 3. Haya, miaka 3 tulihesabu. Ikapita. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba wenye wanyama mazizini wapewe miezi 6 wawasafirishe. Hata wiki halikumaliza, likasitishwa. Walioiba twiga sijui wako wapi. Anayetumikia adhabu ni mama wa Usambara mwenye chandarua cha vipepeo uani.

Kwa nini tuliingizwa kapu moja na tumbili? Nahisi aliyeandika katazo hakuwahi kuingia kwenye banda la mfugaji hata siku moja. Wengine huku wanasema kuna wakubwa wanaofaidika tukikaa hivi. Mimi sina ushahidi, ila mtu asipojibiwa miaka yote hii atasema lolote. Ninachokijua ni kwamba sisi hatuvuni msitu. Jike mmoja anataga mayai mengi kuliko ninayoweza kulisha. Na biashara ilipokuwepo tuliilinda miti yenye majani ya viwavi, mingine tukaipanda wenyewe. Leo jirani yangu aliyekuwa mfugaji anachoma mkaa, na mng'ongo aliokuwa akiutunza ulikuwa wa kwanza kuingia tanurini. Simlaumu. Ada ya shule haina mchakato.

Mlituahidi kwamba wadudu wanaofugwa watatazamwa peke yao. Mlisema hivyo hadharani, tukapiga makofi. Siombi ruzuku, siombi semina, posho za semina gawaneni tu. Naomba mstari mmoja kwenye waraka: mdudu aliyezaliwa kwenye chandarua cha mfugaji si mnyama wa porini. Kama haiwezekani, niandikie kwamba haiwezekani, nijue. Mvua za vuli zikianza vifuko vitafunguka, na sitakuwa na la kuwafanyia. Mstari mmoja tu, Mheshimiwa, kabla ya vuli.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa nondo, Muheza, Tanga