Mwezi Ulipopatwa Nilikuwa Ndani

Wajukuu zangu,

Juzi niliwasikia mkibishana. Mmoja wenu aliuliza: ikiwa ulimwengu ni mkubwa kiasi hiki, sisi ni nani hata tujisumbue kupendana? Wengine mkacheka. Mimi swali hilo silicheki, maana jibu nililonalo nililipata kwa hasara.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote. Ulibaki wote kivulini dakika 103. Karne hii hakuna kupatwa kwa mwezi kutakakochukua muda mrefu zaidi. Bibi yenu alitoka nje na kigoda chake. Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu. Akaniita, nikamjibu nakuja. Akaniita tena. Mara ya tatu hakuita, alisimama dirishani akawa ananisimulia: "Umekuwa mwekundu, mzee. Kama kaa linalotaka kuzimika." Nikaitikia "ehe" bila kuinua macho. Nilipotoka, mwezi ulikuwa umeanza kurudi mweupe upande mmoja, naye amejikunyata kwa baridi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Katika hesabu zile sikumbuki hata tarakimu moja.

Tulipokwisha kumzika ndipo nilipotaka kujua wekundu ule hutoka wapi. Dunia ikiingia kati ya jua na mwezi, huuzuia mwanga. Lakini hewa inayoizunguka dunia hupenyeza mwanga kidogo na kuupinda. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu ikapita. Basi kinachoupaka mwezi rangi ni macheo na machweo yote ya dunia kwa mpigo mmoja. Someni tena hapo, msipite mbio. Popote palipokuwa pakipambazuka au pakichwa saa ile, mwanga wake ulikuwa pale juu, na bibi yenu aliuona, akataka nami niuone.

Ukubwa wa ulimwengu siukatai. Una umri wa miaka bilioni 13.8, na chuma kilichomo damuni mwenu kilipikwa na nyota zilizokufa kabla jua hili halijakuwako. Nikiyawaza hayo nalala usingizi mzuri tu. Kinachoniamsha usiku ni ile "ehe".

Kwa hiyo mkitafuta mwenzi, sina masharti mengi. (Washauri wa mapenzi wa mitandaoni wanayo ya kutosha, waulizeni wao.) Mimi ningetazama jambo moja: akiona kitu cha ajabu, humtafuta nani kwanza? Akikutafuta wewe, inuka. Hata kama kitu chenyewe ni kiwavi juu ya jani. Na maana ya maisha mnayoiulizia, sijawahi kuikuta imekaa peke yake mahali ikinisubiri, kila nilipoionja palikuwa na mtu kando yangu akininyooshea kidole, "tazama kule."

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa tena wote, dakika 82. Safari hii nilitoka mapema, kabla kivuli hakijaugusa. Nilibeba vigoda viwili, changu na chake, nikaviweka sambamba. Ulipoanza kuiva nikawaita. Wawili mkatoka mbio, mmoja hana hata viatu.

Wa tatu akajibu kutoka ndani: "Nakuja, babu."