Pisini isikaushwe wakati wa mvua

Bwana Mhariri,

Mvua zikianza hapa Lubumbashi, pisini (mabwawa ya kuogelea) nyingi za nyumbani hugeuka kijani, na shauri la haraka huwa ni kumwaga maji yote. Tunaomba wenye nyumba wakatae.

Pisini ya mita 8 kwa 4, yenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, ina lita 48,000: bidoni 2,400 za lita 20, mjini ambamo wapo wanaoamka alfajiri kupanga bidoni zao bombani. Tena maji hayo ni tani 48, na uzito huo ndio unaoikalisha pisini mahali pake. Ardhi ikishalowa, maji ya chini husukuma sakafu kwenda juu. Ukitoa uzito, vigae hubanduka (ukivigonga vinalia kama debe tupu) na saruji hupasuka. Lazima kukausha? Ngoja Agosti au Septemba.

Kijani ni mwani, nao hufa pisini ikiwa imejaa. Shusha kwanza pH, kipimo cha ukali wa maji, hadi 7.2 au 7.4, ikipita 8, sehemu kubwa ya klorini haifanyi kazi. Sugua kuta kwa brashi. Jua likishazama, maana mchana jua huila klorini, pima klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, gramu 10 kwa kila lita 1,000, yaani karibu nusu kilo kwa pisini hiyo. Weka maji kwenye ndoo kwanza, ndipo utie unga, kisha umimine pisini. Kumwagia unga maji ni hatari, na kuuchanganya na vidonge vya klorini kunaweza kuleta mlipuko.

Pampu izunguke usiku kucha. Umeme ukikatika, fidia saa hizo ukirudi. Asubuhi ukiona maji yana ukungu wa kijivu, mwani umekufa, kilichobaki ni kazi ya filta. Ioshe kwa kurudisha maji nyuma kila geji ya mgandamizo inapopanda nusu bar juu ya kipimo cha filta safi. Kijani kikibaki, rudia jioni. Lakini maji ya foraji, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine, yakigeuka rangi ya chai mara tu unapotia klorini, hicho ni chuma: acha kuongeza klorini, yachuje.

Wengine humwaga kwa kuhofia kuvuja. Pimeni kwa ndoo. Isimamishe kwenye ngazi ya pisini, maji ya ndani na ya nje yalingane, tia alama pande zote mbili, ngoja saa 24 pampu ikiwa imezimwa, kisha saa 24 nyingine ikizunguka. Nje pakishuka kuliko ndani ya ndoo, panavuja. Pakishuka zaidi pampu ikizunguka, shaka iko kwenye tiyo (bomba) ya kurudishia maji. Maji yakishuka hadi mdomo wa skima (tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu kwenda kwenye filta) yakasimama hapo, ufa uko pale plastiki ya skima inapokutana na saruji, na huo huzibwa kwa epoksi ya kukanda, inayoganda hata majini.

Mafundi wa pisini,
Lubumbashi