Bolti imekula kichwa, gari iko juu ya jeki, na wewe wataka kujua itatoka lini

Juzi tulikuwa na Hiace ya abiria hapa gereji kwetu Changamwe, Mombasa, klachi imeisha, kazi ambayo kikawaida gia boksi inashuka asubuhi na jioni gari iko barabarani. Bolti zote zinazoshika gia boksi kwa injini zilitoka vizuri isipokuwa moja ya ubavuni karibu na stata, ile ya spana 17. Mwenye gari akapiga simu saa sita, akapiga tena saa nane, saa kumi akaja mwenyewe, na twamuelewa kabisa manake matatu ikilala siku moja dereva hana kitu, makanga hana kitu, na mkopo wa gari hausubiri. Akatuuliza, "Fundi, bolti moja tu yaweza kula siku nzima?"

Yaweza bwana, na bora tueleze hapa kwa sababu swali hili twaulizwa sana.

Kwanza hio bolti ilikuja ishaumizwa. Kichwa cha bolti kina pembe sita, na mtu akitumia spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo) au soketi ya pembe kumi na mbili iliyochoka, ile inashika kwenye ncha za pembe tu, akilazimisha ncha zinalika kidogo kidogo mpaka kichwa kinakuwa duara na hakuna spana itakayoshika tena. Hatumlaumu mtu, pengine alikuwa amelala chini ya gari barabarani bila vifaa. Lakini kama kuna mtu ashajaribu kabla yako kuleta gari, tafadhali tuambie mapema, tutaanza na njia ingine kabisa na utaokoa masaa.

Pili ni hii hewa yetu. Gia boksi nyingi kava yake ni ya alumini na bolti ni ya chuma, na hivo vitu viwili vikikutana na maji ya chumvi havipatani, alumini inaanza kuliwa na inatoa unga mweupe unaojaza kwenye thredi (ile mikato ya kuzungushia) mpaka bolti inashika kama imegundiwa. Gari inayolala Nyali karibu na bahari ama inayovuka feri ya Likoni kila siku, chini yake ukiangalia utaona tofauti na gari ya bara. Hata kuiosha tu chini kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi mara kwa mara kunasaidia sana, na watu wengi wanaosha juu peke yake.

Sasa mbona hatuweki paipu refu kwa spana tukavuta kwa nguvu? Kwa sababu kinachovunjika hapo si lazima iwe bolti. Laweza kupasuka lile sikio la alumini la kava ambapo bolti inapita, na hapo hatuongei tena habari ya klachi, twaongea habari ya kutafuta kava ingine.

Kwa hio tunaenda pole pole. Tulisugua kutu kwa waya brashi, tukapiga dawa ya kutu, tukaigonga kichwani kwa nyundo kidogo kidogo, kugonga kunatikisa kutu ili dawa ipenye, alafu tukaiacha, na hapa ndo mteja huona kama tumekaa bure lakini dawa inataka muda, saa ingine hata usiku mzima. Baadae tukachukua soketi ya 16 ya pembe sita, ndogo kidogo kuliko kichwa, tukaipigilia kwa nyundo juu ya kile kichwa kilicholika. Mara nyingi inatoka hapo. Hii ilikataa, soketi ikazunguka tu.

Njia ninayoipenda mimi mwenyewe ni kuchomelea nati juu ya bolti, manake ule moto unaivimbisha bolti na ikipoa inanywea na ile kutu inaachia, lakini kuna paipu ya mafuta ilipita karibu sana hapo, na mimi kuchanganya moto na petroli sijaribu, hata mteja akinisihi vipi. (Na popote fundi akitaka kuweldi kwa gari yako hakikisha ametoa teminali ya betri kwanza, kompyuta ya gari ni ghali.) Ile ekstrakta, kifaa cha kuingiza kwenye tundu la bolti na kuizungushia ndani, pia siiamini kwa bolti iliyoshika namna hii, ni chuma kigumu sana, ikikatikia ndani drili ya kawaida haiikati tena.

Basi tukatoboa kichwa. Tulianza na drili ndogo katikati kabisa, alafu kubwa zaidi, tukamaliza na inayozidi kidogo mwili wa bolti wenyewe ambao ni milimita 12, kichwa kikadondoka kama pete. Uzuri wa njia hii ni kwamba kichwa kikitoka, bolti haivuti tena, gia boksi ikateremka yenyewe na kile kipande kilichobaki kimechomoza tukakishika kwa vaisi plaisi (koleo inayojifunga) na kikazunguka bila vita. Thredi tulizipitishia tapu, kifaa cha kukatia thredi, zikawa safi. Zingekuwa zimekufa tungetia zile spring za thredi mpya, zinashika vizuri kwenye alumini.

Tunarudisha na bolti mpya, grisi kidogo ya kuzuia kushika, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) badala ya nguvu za mkono, na kwa sababu kuna grisi hatukazi mpaka mwisho wa kipimo kwa kuwa thredi inateleza zaidi.

Kuhusu pesa, tukikutana na bolti kama hii tunasimama, tunakupigia simu na picha tunakutumia kabla hatujaanza kutoboa, uamue wewe. Na bolti ya zamani tunakuwekea. Yule mwenye Hiace gari yake ilitoka kesho yake saa tatu asubuhi.