Chanzo cha maji hakifagiliwi

Ndugu Mhariri,

Sharti la mita 60 kutoka ukingo wa maji katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 linachukuliwa na wengi kama katazo la kulima na kujenga tu. Miti mikubwa inaachwa, chini panafyekwa peupe, kisha tunaambiwa huo ni usafi wa chanzo. Kwa vyura wa vichakani wa milima ya Usambara Mashariki, hapo hapakaliki tena.

Chukua Leptopelis vermiculatus, chura wa kijani mwenye michirizi myeusi anayepatikana katika msitu wa Amani milimani humo. Usiku hukaa juu ya vichaka na matawi, lakini mayai hatagi majini wala majanini. Jike huchimba udongo wenye unyevu karibu na kijito na kuyafukia humo. Mvua ikilowanisha ardhi, viluwiluwi hujiburura hadi majini. Ukifyeka, jua linafika chini, udongo unashikana na mayai yanasinyaa. Jembe la palizi humaliza yaliyosalia.

Wapo wasiohitaji kijito kabisa. Nectophrynoides tornieri huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Uhai wake unategemea unyevunyevu wa vichakani na majani makavu yaliyorundikana ardhini. Ndiyo maana kilimo cha iliki msituni kinadanganya macho: iliki hupenda kivuli, basi miti mirefu huachwa na mimea yote ya chini hung'olewa. Ukitazama kutoka barabarani utasema msitu upo. Nao Maesopsis eminii, mti wa kuletwa uliosambaa Amani, majani yake huoza upesi mno na kuacha ardhi karibu tupu. Kuupanda kando ya kijito kisha kuhesabu miche si kurudisha msitu.

Njia ya kuteka maji ifyekwe upana wa kumpitisha mtu na ndoo yake, basi. Magogo yaliyooza yaachwe, majani yasichomwe. Ikilazimu kupunguza magugu, tumieni panga, si jembe. Kateni upande mmoja wa kijito, yaliyokatwa yalale papo hapo, na upande wa pili usubiri mpaka wa kwanza uote.

Wanaoongoza wageni kutazama vyura usiku wahakikishe viatu vinasuguliwa matope na kukaushwa kabisa kabla ya kuhamia bonde jingine. Kuvu ya kitridi inayoshambulia ngozi ya vyura, iliyogunduliwa kwa vyura wa bonde la Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 2003, husafiri kwa maji na matope. Na mwenye dawa ya mbu mikononi asimshike chura: ngozi yake hunyonya kwa urahisi kemikali zinazoigusa.

Msomaji wako,
Muheza