Atu, ng'oa na mizizi

Tukuyu, Jumapili jioni

Dada Atu,

Ugonile? Bwana Yesu asifiwe. Huku wote wazima, mvua haijakata, na Mama Neema anauliza kitenge chake kiko wapi. Mjibu mwenyewe.

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeurudia mara tatu. Uliposema unashika Biblia lakini akili iko dukani, nikaona hili siyo la kujibiwa kwa meseji.

Hujaanguka, dada. Umesongwa. Ile mbegu ya Mathayo 13 iliyoangukia penye miiba iliota vizuri tu; shughuli za dunia na udanganyifu wa mali ndivyo vilivyoisonga. Gugu la sangari unalijua, umelipalilia kwenye viazi tangu utotoni. Ukilifyeka juu, baada ya wiki mbili limerudi. Ukilikatakata na jembe, kila kipande cha mzizi kinaota upya. Mpaka uchimbue, ukung'ute udongo, uutoe ule mzizi mweupe nje ya shamba ukaukie juani. Sasa wewe unaniambia "nitapunguza simu". Huko ni kufyeka.

Mzizi ni pale simu inapolala. Inalala kitandani kwenye mto wako, inakuamsha yenyewe, unaizima kengele, na kidole kimeshafungua picha za watu kabla hujasema hata "asante Baba". Nunua saa ya mezani ya betri. Simu ilale jikoni kwenye chaja. Na usisomee Biblia ya kwenye simu asubuhi: unafungua Zaburi, meseji ya mteja inashuka juu ya mstari, unaigusa, umepotea. Chukua ile ya karatasi.

Halafu usianze na saa nzima! Wengi huanza hivyo, siku ya tatu usingizi unawashinda, ya nne wanaona aibu mbele za Mungu, ya tano wameacha. Dakika 15 zatosha, saa 11 alfajiri kabla malori hayajaanza kelele. Soma sura moja ya Agano Jipya, Jumatatu hadi Ijumaa. Zipo 260, kwa hiyo wiki 52 zinaimaliza yote. Ukikosa siku, usisome mbili kesho yake kwa kujiadhibu. Jumamosi ipo wazi kwa ajili hiyo. Weka daftari pembeni: likija wazo la deni la mtu au mzigo uliokwama mpakani, liandike neno moja, rudi kwenye sala. Ukipambana nalo kichwani linakua.

Utasema wateja watakusumbua. Soma Marko 1:35. Jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni, na bado alfajiri Yesu alitoka akaenda kuomba mahali pasipo watu. Petro anamfuata: wote wanakutafuta. Hakurudi kwao, alisema twende vijiji vya jirani. Aliyeomba kwanza alijua pa kwenda, hilo ndilo ninalokutakia.

Lakini simu, Atu. Simu kwanza.

Biblia yako ya ubatizo unayo huko Tunduma, au iliachwa kwa Tusa? Jumapili unasali wapi? Umeshajiunga na kwaya? Yupo mama mmoja hapo wa kuomba naye mara moja kwa wiki? Na leo usiku simu italala wapi?

Ndaga fijo, asante sana, kwa mchele.

Wako katika Kristo,
Subi