Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wahitimu wa Uuguzi, Tanga

Ndugu wanachama,

Poleni na safari, hasa mliotoka Lushoto na Handeni, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku hospitali ya Bombo. Habari za ada na akaunti atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kumpatia mwanafunzi wa uuguzi mlezi wa kitaaluma kutoka miongoni mwetu.

Wanafunzi wengine huja wakitarajia kuunganishiwa kazi. Siwalaumu, kwani wanawaona waliowatangulia wakikaa nyumbani na vyeti. Lakini ajira za serikali hutangazwa na kuombwa mtandaoni, na mlezi hana ufunguo wake. Alicho nacho ni njia aliyoipita. Mwanafunzi wa diploma anasoma miaka 3, kisha anahitaji usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baada ya hapo aanze kazi au atafute shahada? Anayependa afya ya akili angefaidika kuongea na aliyefanya kazi hospitali ya Mirembe, Dodoma; anayetaka kuuguza wagonjwa wa saratani, na aliyepita taasisi ya saratani ya Ocean Road. Kwa hiyo kamati inawaunganisha watu kwa njia waliyopitia, hata kama mlezi yuko mkoa mwingine.

Nilishuhudia kikao kimoja cha ulezi. Dada yetu wa wodi ya wazazi alimwambia mwanafunzi, "Haya, nikabidhi zamu." Binti akataja jina la kubuni la mama anayejifungua, umri, mimba ya ngapi, njia imefunguka kiasi gani. Alieleza vizuri. Dada akamuuliza, "Presha ya mwisho imepimwa saa ngapi? Na mapigo ya moyo ya mtoto?" Binti akanyamaza. Wakarudia makabidhiano yale mpaka yakatoka bila kuruka kitu. Hakukuwa na hotuba ya mafanikio wala picha ya pamoja, na yule binti aliondoka na kitu cha kutumia kesho yake asubuhi. Huo ndio ulezi ninaoutaka.

Wanafunzi nimewaomba wasiishie kuandika, "Shikamoo, naomba uwe mlezi wangu." Mhitimu hajui aanzie wapi. Jitambulishe, taja mwaka wako na wodi ulizopita, kisha uliza swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa anasubiri daladala. Akikujibu, mrudishie habari ulifanya nini na ushauri wake. Wengi hukosa mlezi kwa sababu hawarudi.

Kuna mambo ambayo kamati haitayalegeza. Picha, jina au faili la mgonjwa halitumwi kwa mlezi, hata kwa nia ya kujifunza. Mlezi hapokei fedha wala zawadi. Vikao vinafanyika chuoni, hospitalini au mahali pa wazi, si nyumbani kwa mtu. Mwanafunzi asiyeridhika na mlezi wake aje kwa katibu, atabadilishiwa bila kuhojiwa.

Sasa nawageukia ninyi mlioko zahanati za Pangani, Mkinga na Kilindi. Baadhi yenu mmeniambia hamna la kumfundisha mtu kwa kuwa hamko hospitali kubwa. Hapo napingana nanyi kwa heshima zote. Ninyi mnazalisha, mnachanja, mnahesabu dawa, na saa nane usiku mnaamua kama mama anasubiri au anapewa rufaa, pengine mkiwa peke yenu na mhudumu mmoja. Mwanafunzi anayejifunzia kwenye wodi iliyojaa madaktari hawezi kuyaona maamuzi hayo kirahisi. Wahitimu wengi wapya watapangiwa vituo kama vyenu. Nawahitaji kuliko wengine.

Fomu za walezi ziko kwa katibu, mezani karibu na mlango. Andika idara ulizofanya kazi, masomo uliyojiendeleza na saa unazopatikana kwa simu. Tutaanza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, maana hao wana miezi michache tu kabla ya mitihani.

Mwenyekiti